Stadi za mawasiliano: kusoma tu hakutoshi

Umeuliza kama somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza chuoni lina faida, au ni la kutuongezea mitihani tu. Lina faida, ila si kwa kukariri "mtumaji, ujumbe, mpokeaji" usiku wa mtihani.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilimwandikia bosi: "Shikamoo bosi, samahani kwa usumbufu, naomba nikuulize kitu." Nikasubiri. Jioni akajibu: "Uliza." Siku hizi kila kitu nakiweka kwenye ujumbe mmoja: "Shikamoo bosi. Mteja wa Mwenge anataka mzigo kesho saa nne asubuhi, na gari limeharibika. Nikodi bajaji?" Jibu linakuja kabla sijarudisha simu mfukoni. (Salamu usiiache. Kwetu ukianza na shida bila shikamoo umeshaharibu.)

Kuongea mbele za watu ndiyo kabisa, hakufundishiki kwa daftari. Jirekodi kwa simu dakika mbili ukieleza kazi yako, halafu hesabu "yaani" zako. Zangu zilikuwa 19, nikajionea aibu mwenyewe. Vilabu vya Toastmasters, vya kujifunza kuongea mbele za watu, vilivyoanzia California mwaka 1924, huwa na mtu maalumu wa kuhesabu maneno hayo. Dar na Nairobi vipo, nenda hata kama mgeni tu.

Kusikiliza ni kugumu zaidi: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako kwa maneno yako. Anza na mama mkwe, kama una ujasiri.