Farasi Anapochechemea Bila Jeraha: Nasaha kwa Saisi Mpya

Ukiajiriwa kutunza farasi wa kupanda katika mashamba ya Njoro, Gilgil au Naivasha, hutakaa sana kabla ya kukutana na farasi ambaye jana alikuwa mzima na leo anachechemea, ilhali hana kidonda, hana uvimbe na hakuna aliyemwona akianguka. Bandani kila mtu atakuwa na jibu lake. Mmoja atashikilia kwamba ni bega, mwingine atalaumu baridi, na wa tatu atataka sindano ipigwe mara moja. Nakushauri usikubali jibu lolote kabla hujajua mambo mawili kwa mpangilio huu: ni mguu upi unaouma, na ni sehemu gani ya mguu huo. Sababu hutafutwa baada ya hapo.

Ili kuujua mguu, mwombe mwenzako amkimbize farasi mchakamchaka kwenye barabara ngumu na tambarare, aende na kurudi mbele yako, bila tandiko wala mpandaji. Kamba iwe imelegea, kwa kuwa ikikazwa kichwa hakitaweza kupanda na kushuka. Katika mwendo huo farasi hukanyaga miguu miwili kwa pamoja, wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili, hivyo uzito hugawanyika sawa na tofauti yoyote hujitokeza upesi kuliko anapotembea. Mguu wa mbele ukiuma, huinua kichwa wakati mguu huo unapokanyaga, na hukishusha anapokanyaga ule mzima. Wanaoanza kazi huona kichwa kikishuka wakaulaumu mguu uliokanyaga wakati huo, na siku nzima hupotea wakiukagua mguu usio na kasoro. Kwa miguu ya nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga, maana ule upande unaopanda na kushuka zaidi ndio wenye shida. Ujue pia kwamba maumivu makali ya mguu wa nyuma wa kushoto yanaweza kukichezesha kichwa hata ukadhani ni wa mbele wa kushoto, kwa hiyo usitosheke kumtazama kutoka upande mmoja tu.

Mguu ukishajulikana, anza chini. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi, na maumivu mengi ya miguu hiyo hutoka ndani ya ukwato, hata pale ukwato unapoonekana hauna doa. Weka vidole nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, pande zote mbili, utafute mapigo ya damu, kisha ulinganishe na mguu mwingine. Kwa farasi mzima mapigo hayo huwa hafifu, pengine usiyasikie kabisa. Yakidunda kwa nguvu, na ukuta wa ukwato ukiwa na joto kuliko mwenzake, kuna jambo ndani. Hapo chokoa ukwato, uuoshe kwa brashi na maji hadi uone rangi halisi ya wayo, kisha utafute kijiwe cha murram kilichonasa chini ya kiatu, nukta nyeusi, au ufa mwembamba wenye unyevu. Gonga kichwa cha kila msumari polepole kwa nyundo ndogo huku ukimtazama farasi na si nyundo. Akiuvuta mguu kwenye msumari uleule kila ukirudia, na kama alipigwa viatu siku chache zilizopita, mwite fundi wa viatu aung'oe, kwa kuwa huenda umepita karibu mno na nyama.

Chanzo cha kawaida zaidi cha kuchechemea kwa ghafla na kwa ukali ni usaha uliojikusanya chini ya wayo. Farasi wa namna hii hugusa ardhi kwa ncha tu ya ukwato, hata watu wakaapa kwamba amevunjika mfupa. Huku kwetu uwe macho hasa wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, kwato zinapolainika kwa tope na uchafu kupata njia. Usaha lazima utolewe na daktari wa mifugo au fundi anayeijua kazi hiyo, na uulize chanjo ya pepopunda ilitolewa lini, kwani farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo. Ukikuta msumari umechoma katikati ya wayo, usiuchomoe. Zuia farasi asikanyage na umwite daktari mara moja, maana eksirei ikipigwa msumari ukiwa bado ndani itaonyesha umefika wapi.

Farasi anayesimama ameegemea nyuma, miguu yote miwili ya mbele ameitanguliza na hataki kugeuka, usimkimbize hata hatua moja. Hizo ni dalili za kuvimba kwa tishu zinazoushika mfupa ndani ya ukwato, na mara nyingi chanzo chake ni nyasi changa nyingi baada ya mvua au gunia la nafaka lililoachwa wazi. Ni dharura.

Ukwato usipotoa jibu, panda juu taratibu. Pitisha vidole kwenye kano za nyuma ya mguu, kwanza farasi akiwa amesimama, kisha ukiwa umeuinua mguu, ukitafuta joto, unene au mahali anaposhtuka. Mzungushe kwenye ardhi ngumu na kwenye ardhi laini: mara nyingi anayeumia zaidi pagumu ana tatizo la ukwato au mfupa, na anayeumia zaidi kwenye mchanga ana tatizo la kano, ingawa si kila farasi hufuata kanuni hiyo. Akiwa mzima kwenye kamba na kuchechemea tu anapopandwa, kagua mgongo, tandiko, mkanda wa tumbo na meno kabla hujaendelea kuusumbua mguu.

Wengi wetu tulianza na punda wa mikokoteni pale Nakuru mjini, na jicho la punda hudanganya kidogo hapa: punda huficha maumivu hadi yamezidi, lakini farasi huyaonyesha mapema, kwa hiyo hatua ndogo iliyokosa mpangilio si ya kupuuzwa.

Daktari akiwa njiani, usimpe farasi fenilibutazoni wala dawa nyingine ya maumivu ila kwa agizo lake, kwa sababu dawa hiyo huzima ile ishara anayokuja kuitazama. Ikiwa imekwisha kutolewa, andika saa na kiasi. Sababu isipoonekana, atadunga ganzi kwenye neva akianzia chini kabisa na kupanda, na baada ya kila sindano farasi atakimbizwa tena. Mahali maumivu yanapokoma ndipo eksirei au altrasaundi itakapoelekezwa. Usishangae ukiona mguu wa kulia umepona kwa ganzi na farasi akaanza kuchechemea wa kushoto. Daktari hajamwumiza. Miguu yote miwili ilikuwa inauma tangu mwanzo, na ule uliouma zaidi ulikuwa umeuficha mwenzake.