Mlio wa cheni asubuhi: yaliyonikuta na Probox yangu hapa Mwanza

Mkuu, umesema IST yako ukiiwasha asubuhi inatoa mlio wa "krrrr", kisha unakata wenyewe baada ya sekunde mbili tatu. Fundi wa kwanza kakwambia ni kawaida ya gari lililotembea sana, wa pili kakwambia utafute injini nyingine, na mwisho wa mwezi unataka kwenda nalo Musoma. Wadau waliotangulia wamekushauri uweke oili nzito. Naomba unisikilize kabla hujanunua hiyo oili, maana nimepita hapo hapo ulipo na injini ni ile ile, 1NZ. Hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni.

Mimi nauza dagaa. Nachukua mzigo mwaloni Kirumba alfajiri na kuupeleka Magu na Lamadi. Nilikuwa nawasha Probox saa kumi, mtaa wote umelala, kwa hiyo ule mlio niliusikia vizuri sana: kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo la maziwa. Sekunde mbili, kimya. Nikauzoea, na kuuzoea ndiko kulikoniponza. Miezi ikaenda, sekunde mbili zikawa tano, kisha nikaanza kuusikia hata injini ikiwa ya moto, nikiwa kwenye foleni ya Mabatini gari liko sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta). Siku moja nikiwa nimepita Kisesa na magunia nyuma, taa ya injini ikawaka. Nakanyaga mafuta, gari linakwenda kama limefungwa kamba. Nikageuza.

Mashine ya kupimia ilitoa namba ya hitilafu P0016. Maana yake kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) hazisomani. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inatakiwa izunguke mara moja, na kinachozishikanisha ni hiyo cheni. Tumezoea kusema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kila pini na tundu lake vimelika kidogo sana, na ukijumlisha pini zote unapata cheni ndefu na legevu. Hapo kamshafti inachelewa nyuma ya kranki, valvu zinafunguka nje ya wakati wake, nguvu inapotea. Ikilegea zaidi inaruka jino. Ikiruka meno kadhaa au ikikatika, kwenye injini hii pistoni zinakutana na valvu, na hapo yule fundi wako wa pili atakuwa amesema kweli.

Kwa nini asubuhi? Kinachoikaza cheni ni tensheni, na tensheni hii inasukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka. Ukiwasha, cheni inacheza hewani mpaka presha ifike. Tensheni nzima na cheni nzima huwezi kusikia kitu. Vikichoka, au oili ikiwa imepungua, au ukiwa umefunga filta ya bei poa isiyozuia oili kurudi chini, ndipo unasikia huo mlio. Mimi nilikuwa nabadilisha oili ninapokumbuka, si kwa kilomita. Kifuniko cha valvu kilipofunguliwa ndani kulikuwa na tope jeusi kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na grisi. Nilisikitika sana, maana gari hilo ndilo linalosomesha wanangu.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha ni cheni kweli. Pima oili kwa dipstiki, ikiwa imepungua ongeza ufike alama, usikilize tena kesho yake. Kisha toa mkanda wa alteneta, washa kwa sekunde chache tu, uzime (mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo usiache injini inaunguruma). Mlio ukipotea, ugonjwa ni beringi ya alteneta, pampu ya maji au puli, na umeokoa pesa. Ukibaki, rudisha mkanda, chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse kava la cheni upande wa dereva, mpini uuweke sikioni, mwenzako awashe. Angalia tu mikono ya shati isikaribie mkanda. Cheni utaisikia inakwaruza pale pale. Na kama mashine inatoa P0016, mwambie fundi akague kwanza valvu ya oili ya VVT-i (mfumo unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka) na sensa, maana uchafu kwenye hiyo valvu nao unaweza kuleta namba hiyo hiyo.

Fundi niliyekwenda kwake mara ya kwanza alitaka kuweka washa (kile kiringi cha chuma cha kwenye bolti) nyuma ya tensheni ili isukume zaidi. Nilikataa, nawe kataa. Hata kufunga tensheni mpya peke yake ni kuficha: mlio unaweza kutulia, lakini cheni bado ni ndefu na kamshafti bado inachelewa. Oili nzito ndiyo mbaya zaidi kwa dalili yako, kwa sababu inachelewa kufika kwenye tensheni asubuhi.

Fundi wa pili, kijana wa Igoma, alifanya kitu kilichonifanya nimwamini. Alitoa cheni ya zamani, akaitundika kwenye msumari ukutani, na mpya akaitundika juu ya msumari ule ule. Ya zamani ilining'inia chini zaidi kwa unene wa sarafu. Kidogo hivyo tu! Kisha akazilaza ubavu mkononi: mpya ilinyooka, ya zamani ikapinda kama nyoka aliyekufa. Vile vibao vya plastiki ambavyo cheni inateleza juu yake vilikuwa vimechimbwa mifereji miwili. Meno ya gia ya kranki yalikuwa yameanza kulala upande mmoja. Ndiyo maana nasema nunua seti nzima: cheni, tensheni, vibao na gia zilizolika, pamoja na sili ya kranki.

Kazi yenyewe si ya nusu saa. Betri inachomolewa, injini inashikiliwa na jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu (karai la oili), maana mauntingi (kishikizo cha injini) ya upande ule lazima itoke. Silinda namba moja inawekwa juu kabisa, alama ya puli kwenye sifuri, alama za gia za kamshafti zikiangalia juu. Bolti za kava zina urefu tofauti. Kijana alichora kava kwenye boksi la karatasi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Kava likitoka fundi wako asilibandue kwa bisibisi, ni aluminiamu na pampu ya oili iko humo humo. Silikoni ya zamani ikwanguliwe bila kudondoka ndani ya sampu, kwani vipande hivyo huziba chujio la oili. Na cheni ikiwa nje, asizungushe kamshafti ovyo, valvu zinaweza kugonga pistoni.

Cheni mpya ina viungo vya rangi, vinakaa kwenye alama za gia. Akishaifunga na kuiachia tensheni, azungushe kranki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Simama uone hili kwa macho yako. Ikigoma kuzunguka asilazimishe, maana kuna kitu kimekaa vibaya. Baada ya mizunguko hiyo alama za gia zitarudi mahali pake, ila viungo vya rangi havitarudi. Mimi nilishtuka nikadhani amekosea, kumbe hivyo ndivyo inavyokuwa; kuanzia hapo unaangalia alama za gia peke yake.

Silikoni iachwe ikauke kama ilivyoandikwa kwenye tyubu. Oili mpya, filta mpya, kisha mwambie achomoe fyuzi ya mafuta apige starta mara kadhaa ili oili ifike kwenye tensheni kabla injini haijawaka. Yangu ilipowaka ililia sekunde moja ikanyamaza, na tangu siku hiyo alfajiri nasikia starta tu. Gharama zote, spea na ufundi, hazikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya injini ya mtumba.

Kwa safari yako ya Musoma: kama mlio bado unakata ndani ya sekunde tatu, taa ya injini haijawaka na nguvu iko vile vile, una muda wa kutafuta fundi mzuri, lakini ningekuwa wewe ningeifanya kazi hii kabla ya kuondoka. Ukianza kuusikia injini ikiwa ya moto, gari lisitoke nyumbani. Fungua kifuniko cha kujazia oili, piga picha ndani yake, iweke hapa pamoja na kilomita ulizotembea tangu ulipobadilisha oili mara ya mwisho.