Panya akiacha kula, kashiba au anaumwa?

SWALI: Habari za kazi. Kuna jamaa mtandaoni wanauza peptaidi za kukata hamu ya kula, wanasema zimejaribiwa kwa panya zikakubali. Sasa panya si hasemi, wanajuaje kama kashiba? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri tu, na umeuliza penyewe hasa. Peptaidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vile vijenzi vya protini, na utumbo wetu unazitengeneza nyingi, mojawapo kolesistokinini, ambayo hutoka mafuta na protini vikifika utumbo mdogo. Mwaka 1973 Gibbs, Young na Smith kule New York waliwachoma panya sindano ya hiyo kitu wakala kidogo. Lakini hata mgonjwa anakula kidogo, si ndio? Kwa hiyo ikabidi waangalie tabia, maana panya aliyeshiba kweli ana mtindo wake, anaacha chakula, anajisafisha manyoya, anazungukazunguka kidogo afu analala. Wakachukua panya waliowekewa mrija tumboni, chakula chote kinamwagika nje, hao wanakula tu hawakomi, ila wakichomwa kolesistokinini wanaacha na kufuata mtindo ule ule mpaka kulala! Mi huo ushahidi naupenda sana. Kipimo kingine ni kumpa maji yenye ladha mpya kisha unamchoma dawa, ikimchafua tumbo basi siku nyingine yale maji hayagusi. Hapo wanasayansi walibishana miaka mingi kama kolesistokinini inashibisha kweli au inatia kichefuchefu tu, na ni haki yao kubishana.

Ila kuna jambo wauzaji hawalisemi. Utafiti wa 1984 uliwapa panya kolesistokinini kila wanapoanza mlo, siku baada ya siku, na kweli kila mlo ukawa mdogo, lakini wakawa wanakula mara nyingi zaidi, uzito haukushuka vya maana. Tena kuna peptaidi za kinyume kabisa, kama grelini iliyogunduliwa kwenye tumbo la panya 1999, ukimchoma hiyo ndo anakula zaidi. Yaani mtu akikwambia "peptaidi" tu hajakwambia kitu, muulize ipi.

Dawa za kundi la GLP-1, peptaidi nyingine ya utumbo, nazo zilipita kwa panya, London 1996 GLP-1 ikidungwa kwenye ubongo wao walipunguza kula, lakini mpaka kumfikia mgonjwa zilijaribiwa kwa watu kwa miaka. Hao jamaa waulize dawa yao imejaribiwa kwa watu wapi na kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wakikurudisha kwa panya usijichome.