Maswali ya Wasomaji: Tairi la Baiskeli ya Mbio kwa Mazoezi ya Kila Siku

SWALI: Ndugu mwandishi, ninaendesha baiskeli ya mbio kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, kutoka Tegeta hadi Mwenge na kurudi, na Jumamosi ninafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Mapinga au mbele zaidi. Tangu mvua za masika zianze haipiti wiki bila kupata pancha, na mara nyingi ni tairi la nyuma. Baiskeli yangu ilikuja na matairi ya milimita 23 ambayo muuzaji alisema ni ya mashindano. Fundi wa mtaani kwetu ananishauri nitafute tairi lolote zito, kisha nilijaze upepo hadi liwe gumu kama jiwe. Je, lipo tairi lisilotoboka? Kama halipo, ninunue lipi? – Msomaji wa Tegeta

JIBU: Ndugu msomaji, tairi la upepo lisilotoboka kabisa halipo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Yapo, hata hivyo, matairi yaliyotengenezwa mahsusi kwa mazoezi ya muda mrefu kwenye barabara chafu, na tofauti yake na hayo uliyo nayo ni kubwa. Ushauri wangu ni kwamba utafute tairi la mazoezi lenye mkanda wa kinga chini ya mpira, la upana wa milimita 28 ikiwa fremu na breki zako zinaruhusu, au 25 ikiwa haziruhusu, na ulijaze upepo kulingana na uzito wako. Jina la kampuni linakuja baada ya hayo.

Tuanze na vitu vinavyokutoboa. Katika njia unayopita adui mkubwa ni vipande vya chupa na nyuzi fupi za waya zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Nyuzi hizo ni nyembamba kiasi kwamba hutaziona ukiwa juu ya baiskeli, na hupenya taratibu, hivyo upepo unaweza kuisha baada ya saa nzima, ukiwa umeshasahau ulipopita. Miiba nayo ipo, hasa ukitoka nje ya lami. Wakati wa mvua mambo huzidi kwa sababu mbili: kwanza, maji husomba mchanga, vioo na takataka na kuviacha ukingoni mwa lami, mahali palepale ambapo mwendesha baiskeli hulazimika kupita, pili, maji hulainisha mgusano kati ya kioo na mpira, hivyo kioo ambacho kingeteleza au kusukumwa pembeni barabara ikiwa kavu hukata kwa urahisi zaidi mpira uliolowa. Ndiyo maana pancha zako ziliongezeka masika. Pale ambapo ni salama kufanya hivyo, endesha hatua moja ndani ya ukingo, kwa kuwa magari yenyewe husukuma uchafu kuelekea pembeni.

Tairi la mashindano hutengenezwa liwe jepesi na lizunguke kwa ulaini. Mpira wake wa juu ni mwembamba, na kitambaa cha nyuzi kilicho chini yake ni laini. Tairi la mazoezi huongezewa mambo matatu: mpira mnene zaidi unaochelewa kuisha, mkanda wa nyuzi ngumu kati ya mpira na kitambaa, na mara nyingine kitambaa cha ziada kwenye kuta za pembeni. Katika matairi ya Continental, kwa mfano, Gatorskin ina mkanda wa nyuzi za poliesta uitwao PolyX pamoja na kinga ya pembeni iitwayo DuraSkin, ilhali Grand Prix 4-Season ina tabaka mbili za Vectran, ambao ni uzi mgumu sana kukatika, na DuraSkin pia. Schwalbe, Michelin na Vittoria nazo zina matairi ya kundi hilihili. Mbali zaidi upande wa ugumu kuna Schwalbe Marathon Plus, ambayo chini ya mpira wake imewekwa kinga ya mpira laini yenye unene wa milimita 5. Waya mfupi au kipande cha chupa kwa kawaida huishia humo kabla ya kufika kwenye tyubu.

Kwa nini basi nisikushauri uchukue hilo la mwisho moja kwa moja? Kwa sababu uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya tairi la mashindano la upana uleule, ni gumu kuvalisha kwenye ringi, na baiskeli ya mbio hupoteza wepesi uliokufanya uinunue. Kwa mtu anayebeba mizigo au anayekwenda kazini kwa mwendo wa kawaida, ni chaguo zuri. Kwa mazoezi yako ya kasi, tairi la aina ya Gatorskin au 4-Season linatosha. Kati ya hayo mawili mimi ningechukua 4-Season kwa msimu wa mvua, kwa kuwa mpira wa Gatorskin ni mgumu na hushika barabara yenye maji kwa udhaifu kidogo, jambo ambalo si la kupuuzwa kwenye kona zenye mchanga na mafuta ya magari. Wakati wa kiangazi, na kwa mtu anayetaka tairi lidumu kuliko yote, Gatorskin inafaa kabisa. Idadi ya nyuzi kwa inchi iliyoandikwa kwenye kifurushi isikuchanganye: nyuzi nyingi huashiria kitambaa laini, si lazima kinga kubwa, na baadhi ya watengenezaji hujumlisha nyuzi za tabaka zote.

Sasa nigusie ushauri wa fundi wako, ambao nauheshimu kwa sababu nusu yake ni kweli. Upepo ukiwa kidogo mno, tairi hubonyea unapoingia kwenye shimo, na tyubu hubanwa kati ya tairi na ringi, ikatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba. Lakini upepo ukizidi, tairi halibonyei linapokanyaga kijiwe chenye ncha, uzito wote hukaa juu ya ncha hiyo, na mpira hukatika. Kwa mwendeshaji wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 23 huhitaji takribani bar 7, yaani psi 100 (bar na psi ni vipimo vya msukumo wa upepo, navyo husomwa kwenye saa ya pampu). La milimita 25 huhitaji takribani bar 6, yaani psi 87. Na la milimita 28 hutosheka na bar 5, yaani psi 73, huku tairi la mbele likipunguzwa kidogo. Hiyo ndiyo faida ya tairi pana: hubeba uzito uleule kwa upepo mdogo zaidi, hivyo hupita juu ya uchafu bila kukatika na bila kukutikisa mikono. Usivuke kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala kile cha ringi. Pima upepo kila unapotoka, kwa pampu yenye saa, kwa kuwa tyubu nyembamba hupoteza upepo kidogo kidogo hata isipotoboka, na kuminya kwa kidole hakukupi jibu la kweli.

Kabla ya kulipa, soma namba zilizo kwenye tairi lako la sasa. Baiskeli nyingi za mbio za leo hutumia kipimo kinachoandikwa kama 25-622 au 28-622, ambapo namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Katika maduka ya Kariakoo utakutana pia na matairi ya baiskeli kubwa za mizigo, ambayo kipenyo chake ni 635, na ya baiskeli za mitumba kutoka Japani zenye namba 630. Kwa macho yanafanana, lakini 630 haikai kwenye ringi ya 622, hata fundi akilazimisha. Pima pia nafasi kati ya tairi, fremu na breki. Ikiwa kwa tairi jipya hutabakiwa na angalau milimita 4 kila upande, rudi kwenye upana mdogo, kwa sababu tope la masika litajaa hapo na kukwaruza fremu.

Jambo ambalo ningependa ulifanye hata kabla ya kununua chochote ni kuchunguza pancha zako, kwa kuwa pancha za kila wiki upande uleule mara nyingi zina chanzo kimoja ambacho hakijaondolewa. Kila unapovalisha tairi, weka nembo yake sambamba na valvu. Tyubu ikitoboka, ilaze juu ya tairi kwa mpangilio uleule, nawe utajua tundu liko mkabala na sehemu gani ya tairi. Tundu likiwa upande wa nje, chunguza hapo kwa kukunja tairi kinyumenyume kwenye mwanga, kisha pitisha kitambaa cha pamba ndani yake. Waya mdogo utakamata nyuzi za kitambaa, wala hutajikata kidole. Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea kwenye ringi, kosa si la barabara: kanda inayofunika vichwa vya spoku imesogea au imechakaa, na hakuna tairi duniani litakalokuponya na tatizo hilo. Tundu likiwa kwenye shina la valvu, tazama namna unavyochomeka pampu.

Tairi la nyuma huisha mapema kwa sababu hubeba uzito mkubwa zaidi na ndilo linalosukuma. Likianza kuwa bapa katikati, au vialama vya kuchakaa ambavyo baadhi ya watengenezaji huweka vikifutika, libadilishe. Tairi jipya liweke mbele, na lile lililokuwa mbele lipeleke nyuma, kwa maana pancha ya mbele ukiwa kwenye mwendo ni ya hatari kuliko ya nyuma.

SWALI: Nimenunua matairi ya mazoezi lakini hayana kashata hata kidogo, ni laini kama tairi kipara. Je, hayatateleza mvua ikinyesha? – Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Hayatateleza kwa sababu hiyo. Kashata za gari husaidia kutoa maji chini ya tairi pana lenye mwendo mkubwa; tairi la baiskeli ni jembamba na lenye upepo mwingi, hivyo hulikata tabaka la maji lenyewe. Kinachokushikisha barabarani ni aina ya mpira na kiasi cha upepo. Kipara cha kuogopa ni kile kinachoonyesha kitambaa.

SWALI: Mchana wa jua kali niliegesha baiskeli nje ya ofisi, na tairi likapasuka kwa kishindo bila mtu kuligusa. Je, joto la Dar es Salaam linapasua matairi, na je, maji ya kuziba pancha yangesaidia? – Msomaji wa Mbagala

JIBU: Joto peke yake haliwezi kupasua tairi zima. Tairi lililojazwa bar 6 katika nyuzijoto 25 likipanda hadi nyuzijoto 50, upepo wake huongezeka kwa takribani bar 0.6 tu. Ongezeko hilo hupasua tairi ambalo tayari lina kasoro: limechanika kitambaa, tyubu ilibanwa chini ya ukingo wakati wa kuvalisha, au lilijazwa hadi ukomo. Kabla ya kujaza, zungusha gurudumu na utazame pande zote mbili. Mstari mwembamba ulio karibu na ringi lazima uonekane kwa usawa kuzunguka tairi lote. Hata hivyo, jua huchosha mpira kadiri miezi inavyopita, hivyo egesha kivulini.

Kuhusu maji ya kuziba, hufanya kazi vizuri zaidi katika matairi yasiyo na tyubu na yenye upepo wa wastani. Ndani ya tyubu yenye upepo mwingi, mara nyingi hutoka yote kabla ya kuziba tundu. Katika joto letu pia hukauka haraka, kwa hiyo anayeyatumia ayakague kila baada ya miezi miwili au mitatu na kuongeza yanapopungua. Kwa baiskeli yenye tyubu, beba tyubu moja ya akiba, vyuma viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo.