Nilicheka bila kuielewa

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 16, tunakaa Katuba, na niliamini kwamba hakuna mtu Lubumbashi nzima anayeijua filamu ya American Pie kunishinda. Nilikuwa nimeiangalia mara tano katika chumba cha video cha jirani yetu: mabenchi ya mbao, blanketi jeusi dirishani, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Mwaka jana niliiangalia tena, usiku, peke yangu, sikio moja kwenye simu na jingine mlangoni. Ndipo nikajua kwamba zile mara tano zote sikuwa nimeiona.

Haya nawaandikia akina baba na akina mama wa rika langu, wale waliojificha kuangalia filamu za namna hiyo na leo wana watoto wenye simu mfukoni. Ushauri wangu wa kwanza nautoa hapa hapa: kabla hujamkataza mwanao filamu uliyoicheka ulipokuwa kijana, na kabla hujamruhusu, kaa nayo tena wewe mwenyewe. Usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu yangu mimi ilikuwa imetafsiriwa na mtu asiyejua lugha.

Yule jirani alikuwa mtu wa Kazi. Msomaji wa mbali anisamehe: kwetu ukisema Kazi, watu wanaelewa Gécamines, na kabla yake Union Minière, ile iliyolisha familia kwa posho ya unga na samaki. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, fedha zikitoka Benki ya Dunia. Kuna walionunua basi dogo, kuna waliorudi shambani. Jirani alinunua televisheni, deki ya sidi na jenereta, akaanza kutoza watoto wa mtaa. Sidi zake nyingi zilipitia Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia, kwa hiyo zilisema Kiingereza, na sisi shuleni tulisoma Kifaransa.

Basi akamweka mtafsiri. Kijana huyo alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akigeuza maneno ya wazungu kuwa Kiswahili cha kwetu. Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye nyimbo. Palipomshinda, alitunga. Sisi tulimpenda kuliko filamu zenyewe.

Kwa wasioijua: American Pie ilitoka Marekani mwaka 1999, mwongozaji Paul Weitz, mwandishi Adam Herz. Vijana wanne wa mwaka wa mwisho wa sekondari, huko Michigan, wanaapizana kwamba kabla ya kumaliza shule kila mmoja awe ameshalala na msichana, na usiku wa dansi ya kuagana ndiyo nafasi yao ya mwisho. (Sisi hatuna dansi hiyo, matokeo ya diploma ya serikali yakitoka tunamwagiana unga kichwani, yamekwisha.) Iligharimu karibu dola milioni 11, ikaingiza zaidi ya milioni 230 duniani, bila kuhesabu faranga zetu za Katuba. Ni filamu ya matusi, ya uchi kidogo na ya aibu nyingi. Tukio lake maarufu linahusu kijana anayeitwa Jim na keki ya matufaha iliyoachwa jikoni. Sitalieleza, kwa sababu mama mkwe wangu anasoma ninayoandika.

Katikati ya tukio hilo baba yake Jim anafungua mlango. Mtafsiri wetu alikuwa anaisubiri sekunde hiyo. Alibana pua, akapandisha kijiti, akafoka: "Mupumbafu wee! Keki ya mama yako! Kesho unaenda ku mugini kwa nkambo, ukalime!" (Mugini ni kijijini, nkambo ni bibi au babu.) Chumba kizima kilianguka. Kila aliyekaa pale alikuwa na baba wa sauti hiyo nyumbani.

Miaka ishirini na zaidi nikaishi na baba yule mkali. Safari hii nilipata nakala ya Kifaransa. Kumbe baba hafoki hata kidogo. Anaigizwa na Eugene Levy, yule Mkanada mwenye nyusi nene, na anachofanya ni kukaa na mwanawe, yeye mwenyewe kaona aibu kuliko mtoto, maneno yakimkwama kooni, akipendekeza wamwambie mama kwamba keki waliila yote wao wawili. Filamu nzima anarudi na kujaribu tena. Anakosea maneno, analeta magazeti ambayo hakuna aliyemwomba, anaeleza mambo ambayo kijana angependa ardhi immeze asiyasikie. Lakini hakimbii. Kule Katuba sehemu zake tulikuwa tunapiga kelele "songesha! songesha!" ili zisogezwe mbele tufike kwa wasichana. Leo nikiulizwa filamu hiyo ina nini cha kumfaa mzazi, nasema ina yule baba.

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunigusia mambo hayo, na wala hakupaswa. Kwetu kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Nkambo aliweza kumwita mjukuu "mume wangu" mbele za watu na katikati ya mzaha akapenyeza mafundisho ambayo mzazi hawezi kuyatamka. Mjomba alikuwa na yake. Shangazi alikuwa na yake kwa wasichana. Sasa angalia nyumba yako. Nkambo wa wanangu yuko Kamina, wanamsikia Krismasi kwa simu. Mjomba wao yuko Kolwezi anasaka shaba. Kiti cha mzaha kipo wazi, na nikifikiria ni nani amekikalia, ni simu.

Hilo la baba lilinigusa. La pili lilinichoma.

Kuna msichana anaitwa Nadia, mwanafunzi mgeni kutoka Slovakia. Anakwenda kwa Jim kusoma pamoja, na anahitaji mahali pa kubadilishia nguo. Jim, kwa kusukumwa na wenzake, anaacha kamera ya kompyuta ikimtazama Nadia chumbani, kisha anakimbilia kwa rafiki ili waangalie kutoka huko. Kwa makosa anwani ya picha hizo inatumwa kwa shule nzima. Nadia hajui lolote. Sisi tulicheka hadi benchi likavunjika mguu, na huo si usemi, lilivunjika kweli. Baadaye Nadia anatoweka kwenye filamu, na mtafsiri alitueleza: "Congé imefika, dada anarudi kwao kusalimia wazazi."

Hakuna congé, hakuna likizo yoyote. Waliomdhamini masomo walikuwa wameziona picha zile, wakamrudisha kwao. Mambo ya dakika chache yanapita, kisha hadithi inaendelea na huzuni ya Jim, ambaye sasa hana msichana wa kwenda naye kwenye dansi. Anachekwa shuleni, na sisi tunatakiwa tumwonee huruma. Nitende haki: mwishoni kabisa Jim mwenyewe anacheza na kuvua nguo mbele ya kamera, Nadia akimwangalia kutoka mbali kwa hiari, kama vile filamu inajua ina deni. Lakini tazama nani anacheza akijua kamera ipo, na nani hakujua.

Nilisimamisha hapo. Saa nane ya usiku, mke wangu amelala, mimi nimekaa jikoni nawaza habari iliyonifanya niitafute filamu hii.

Wiki moja kabla, mke wangu alikuwa ameona kwenye simu ya mwanetu wa miaka 15 video ya msichana wa shule nyingine. Kijana mmoja aliichukua, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp, kundi likaipeleka kwa kundi. Mwanetu hakuichukua yeye. Aliipokea, akaweka alama tatu za kicheko, akamtumia binamu yake. Nilipoambiwa nilipandwa na hasira, nikabana pua kama mtafsiri wa Katuba: mupumbafu wee, simu leta hapa. Nilimnyang'anya simu siku nne. Alichojifunza ni kuweka neno la siri.

Kosa langu la pili lilitokana na wema. Baada ya kuiona filamu upya nikafikiri, kwa nini nisimwonyeshe, tuangalie pamoja, tuzungumze kama watu wa kisasa? Usifanye hivyo. Nakusihi. Nilimkalisha sebuleni Jumapili mchana, mama yake akiwa kanisani. Filamu inaanza na Jim akiwa peke yake chumbani mbele ya televisheni, na wazazi wake wanaingia. Dakika mbili hazikufika, mwanangu anahesabu vidole vya miguu yake, mimi nachunguza dari, na hakuna mwenye ujasiri wa kushika rimoti. Delestaji ndiyo iliyotuokoa. Umeme ulikatika na wote wawili tukashukuru kwa sauti. Heshima baina ya mzazi na mtoto haifi kwa sababu umenunua televisheni bapa. Mambo ya kitandani hamyaangalii pamoja. Mnaweza kuyazungumza, lakini macho yawe na mahali pengine pa kwenda.

Mahali pengine kwetu palikuwa kinu cha kusagia mahindi. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya umeme ule ule, tumekalia magunia ubavu kwa ubavu, mashine inapiga kelele hata jirani hasikii. Kama una jambo zito na kijana, tafuta kinu. Au kufua gari, au njia ndefu ya kwenda shambani. Msikae uso kwa uso.

Nilimsimulia filamu kwa mdomo, kwa adabu zangu. Nilianza na mtafsiri, akacheka, akaniomba niige sauti. Halafu nikamsimulia Nadia, kwanza kama nilivyoambiwa mwaka 2004, kisha kama ilivyo. Sikumhubiria. Nilimwambia pia sheria, kwa kuwa alidhani mwenye kosa ni aliyerekodi tu: sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwita mtoto kila asiyefika miaka 18, na picha za ngono za watoto inaziadhibu kwa anayezitengeneza, anayezisambaza, hata anayekaa nazo. Hilo la "anayekaa nazo" lilimfanya anyooshe mgongo.

Wenzangu wengine wananiambia mambo ni rahisi: filamu hizo ni uchafu, zifutwe, watoto wasali. Sibishani na sala. Ila mtoto wangu hakujifunza kumcheka yule msichana kutoka kwenye filamu ya mwaka 1999 ambayo hakuijua hata kwa jina. Kicheko chake kilikuwa kile kile changu, na changu nilikipata bure, kwenye benchi, kutoka kwa wenzangu. Ukimficha mwanao kwamba ulicheka, umemwachia aamini kwamba wewe ulizaliwa mzee. Na usijitie utakatifu pia kwa upande mwingine: keki bado inachekesha. Nilicheka peke yangu jikoni nikaziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Mtu anaweza kucheka keki na asimcheke Nadia, na katika masolo, yaani mazungumzo, yangu na kijana nadhani hilo ndilo lililompa njia ya kupita, maana hakulazimika kukana kila kitu.

Aliniuliza, "Baba, wewe ile ya kamera ulicheka?"

"Nilicheka. Mara tano."

Akanyamaza. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anagombana na mwenye kinu kuhusu kilo zake.

"Nadia alirudi?"

"Kwenye filamu ya pili, ya mwaka 2001, alirudi."

Alichota mahindi machache kwenye gunia, akayachezesha kiganjani. Kisha akasema yule msichana wa kwenye video haonekani tena kwenye kituo cha basi, na wenzake wanasema amehamishiwa Likasi kwa shangazi yake. Kama ni kweli, atarudi lini?

Nilitafuta la kumwambia, sikulipata. Mwenye kinu alituita zamu yetu, tukainuka, yeye akashika gunia upande mmoja na mimi upande wa pili.