Rafiki kaangusha pikipiki yako: nani alipe?

Simu ilikuja saa kumi na moja jioni, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. "Kaka, nimepata mushkeli kidogo na chombo." Ukisikia mtu anasema "kidogo" kabla hujamuuliza, jua si kidogo.

Asubuhi ya siku ile alikuwa amekuja kwangu hapa Tanga kuazima Boxer yangu ya 150 aende Pongwe mazikoni. Pongwe ni karibu, na barabara ni lami tupu. Nani amnyime mtu pikipiki ya kwendea msiba? Nikampa ufunguo huku nikiendelea na chai yangu. Msibani alikwenda kweli. Ila baada ya kuzika akapigiwa simu kwamba kuna nusu gunia la iliki huko Amani kwa bei nzuri, akapitiliza mpaka Muheza, akaanza kupanda mlima. Anayeijua njia ya Amani wakati wa masika hahitaji kuhadithiwa zaidi. Kwenye kona moja ya utelezi pikipiki ikaenda upande wake, yeye upande wake, iliki bondeni. Alitoka na michubuko tu, alhamdulillah.

Fundi alipomaliza kukagua akatuandikia: tairi la mbele 45,000, shokapu za mbele 90,000, rimu 40,000, taa 25,000, saiti mira mbili 10,000, mkono wa klachi na mguu wa gia 10,000, ufundi 30,000. Jumla 250,000.

Kijiweni jibu lilikuwa moja: kaangusha, alipe. Mimi pia nilisema hivyo siku ya kwanza, tena kwa sauti. Kibaya zaidi alinificha safari. Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja lililonikata maini: "Ungeniambia tairi la mbele ni kipara, mimi Amani nisingepanda."

Ni kweli, lilikuwa kipara. Nilikuwa najua tangu Februari na nilikuwa navuta siku. Shokapu nazo zilikuwa zinavuja oili, nazifuta kwa kitambaa kila Jumapili. Nilimjibu kwamba kwa lami ya Pongwe tairi lile lilikuwa linatosha kabisa, na ndiko alikoniaga. Hapo tukanyamaza wote wawili, maana kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi.

Nilikwenda kumuuliza jamaa yangu mmoja aliyesoma sheria. Kumbe mambo haya yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kwa sehemu kubwa imefuata ile ya India ya 1872. Nilivyomwelewa, aliyeazimwa kitu anatakiwa akitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza chake. Akifanya hivyo na bado kikaharibika, halipi. Akikitumia nje ya walivyokubaliana, uharibifu uliotokea humo ni wake. Na mwenye mali naye, hata kama ametoa bure, anatakiwa aseme kasoro anazozijua za kumletea madhara anayeazima. Sharti la matumizi lilimkamata mwenzangu, la kusema kasoro likanikamata mimi.

Msikitini nako nilipata darasa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ariya, yaani kitu cha kuazima, ina dhamana: ulichoazima kikiharibika mkononi mwako unalipa hata kama hukuzembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi uliyoruhusiwa. Ustadhi akanikumbusha deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, ambazo Mtume aliazima kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, akaahidi kuwa ni ariya yenye dhamana. Nikafurahi, nikadhani nimeshinda. Mama yake rafiki yangu, ambaye ni Mkristo, naye alikuwa amefungua Kutoka 22 na kumsomea mwanawe: ukiazima mnyama wa jirani akaumia, mwenyewe asipokuwapo, utalipa, mwenyewe akiwapo, hulipi. Kwa hiyo misikiti na makanisa walikuwa upande wangu. Tairi tu ndilo lilikuwa linanishtaki.

Tulichofanya, na ndicho ninachomshauri yeyote, ni kuacha kubishania jumla na kushika kitu kimoja kimoja. Tairi lilikuwa limekwisha kabla ya safari, nikalipa mwenyewe. Kumdai mtu tairi jipya badala ya kipara ni kuigeuza ajali kuwa duka. Shokapu zilikuwa zinavuja lakini zilikuwa zimenyooka, yeye ndiye aliyezipinda, tukagawana nusu kwa nusu. Rimu, taa, vioo, mikono na ufundi vikawa vyake, maana vyote vilikuwa vizima asubuhi ile. Mimi 90,000, yeye 160,000.

Ilibaki hesabu ya siku. Pikipiki ilikaa kwa fundi siku 9, na mimi ni fundi umeme, kila siku nilikuwa natoa 6,000 ya bodaboda kufuata kazi. Hiyo ni 54,000 iliyotoka mfukoni kweli, na naamini anayeazima anapaswa kuilipa. Siyo ile hesabu ya "ningepata kazi mbili tatu kubwa", hiyo ni ndoto na haina risiti. Ile 54,000 niliisamehe kwa ajili ya lile tairi. Wewe unaweza usisamehe, sikulaumu.

Jambo moja wengi hulikosea: wanakimbilia bima. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, inamlipa mtu uliyemgonga au uliyemharibia; pikipiki yako mwenyewe haiigusi. Inayotengeneza chako ni bima kubwa. Na kabla hujatoa ufunguo, uliza leseni. Kwa chombo kama changu anatakiwa awe na daraja A, na akigonga mtu bila hiyo leseni, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukukwepa. Mimi sikuuliza. Bahati yangu alikuwa nayo.

Spea mnunue pamoja. Usimpelekee mtu bei ya mdomoni ya fundi wako, na yeye asikuletee shokapu feki kwa sababu pesa ni yake. Sisi tulikwenda dukani wote, na vitu vibovu tukavichukua, vipo nyuma ya nyumba mpaka leo. Deni tuliliandika kwenye ujumbe wa simu mistari mitatu: kiasi, tarehe, namna ya kulipa. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na ujumbe ule ulituondolea matanga. Alitoa 60,000 papo hapo, iliyobaki 20,000 kila wiki mbili. Sikumpigia simu hata mara moja. Mara moja alichelewa siku nne, akatanguliza taarifa mwenyewe.

Angekuwa hana kabisa? Ningetengeneza mimi kwanza, kwa sababu pikipiki iliyolala kwa fundi inawala wote wawili, halafu ningemdai polepole. Na angekataa kata kata ilhali anazo, ningemwendea mjumbe wa mtaa kabla ya kufikiria polisi.

Alimaliza mwanzoni mwa Julai. Wiki iliyofuata akaja tena, safari hii kweli Pongwe, arobaini ya yule marehemu ilikuwa imecheleweshwa. Nikamtembeza kuizunguka pikipiki: tairi hili jipya, breki ya nyuma imelegea kidogo, usiiamini peke yake. Nikapiga picha ya mita. Akaniangalia, akauliza kama na mafuta nitayapima kwa kijiko.