Kompyuta ya zamani na mpya hazionani: rudisha nenosiri

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 7, laptopu mpya ina Windows 11. Nataka zishirikiane mafaili kupitia ruta ya nyumbani. Fundi amewasha SMB1, amezima fayawoli na kuondoa nenosiri, lakini laptopu bado inakataa kufungua folda. Nifanyeje?

JIBU: Rudisha vyote alivyovigusa huyo fundi. Kompyuta zilizochokonolewa hivi naletewa kila mara, na kila mara naambiwa kwamba kinachozuia ni ulinzi. Sicho.

SMB ndiyo lugha ambayo Windows hutumia kupeana mafaili mtandaoni. Windows XP, ya zamani zaidi ya 7, inajua toleo la kwanza peke yake, yaani SMB1. Windows 7 inalijua la pili pia, nayo Windows 11 inalielewa. SMB1 huihitaji hata chembe. Na kuondoa nenosiri ndiko kulikozidi kukukwamisha: kwa kawaida Windows haikubali akaunti isiyo na nenosiri iingie kupitia mtandao, inamruhusu aliyekaa mbele ya kompyuta tu.

Kwa hiyo fungua akaunti kwenye ile ya mezani, tuseme "faili", uipe nenosiri na ruhusa ya folda. Kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.20 (weka anwani halisi ya ile ya mezani), kisha jina liwe MEZANI\faili, yaani jina la kompyuta litangulie. Ukienda upande wa pili, PIN ya laptopu haitafanya kazi; inatakiwa nenosiri la akaunti yenyewe. Hapo wengi hukesha. Fayawoli iwake, mtandao wa nyumbani uwekwe kuwa wa binafsi.

"Niko nyumbani, nani atanivamia?" Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu la SMB1, bila mtu kubofya chochote. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Mgeni mmoja akiunga laptopu yenye kirusi kwenye Wi-Fi yako, ukuta wa nyumba haukusaidii kitu. Windows 7 nayo iliacha kupata viraka vya kawaida Januari 2020, basi usiitumie kuperuzi intaneti.

Na mwenye XP? Ahamishe mafaili yake kwa flashi, aikague kwanza kwenye kompyuta mpya.